Miti Tuliyopanda kwa Muzee Zihalirwa

Jumatatu, 7 Oktoba

Kijijini Mumosho tena. Pikipiki imekwama mara tatu kwenye tope baada ya mtaa wa Panzi. Dereva aliniapia asubuhi kwamba njia ni nzuri. Madereva wa Bukavu wanaapa njia ni nzuri hata ukiwa umeshuka unasukuma.

Leo tumemaliza mistari miwili ya mwisho. Sasa ni sita, inakata mteremko wote juu ya korongo. Miche ya gereveria, na matete kidogo kidogo ya kushika udongo. Mhandisi Bisimwa, mtaalamu wetu wa kilimo, alitangulia na kipimo chake cha fito, uzi na jiwe, akionyesha mstari upite wapi ili maji yasikimbie. Wanawake saba walifuata na majembe. Mimi nilibeba miche. Si kazi yangu, lakini kusimama na daftari huku wenzako wanalima ni aibu.

Kazi yangu ni watu. Mimi ni asistanti sosiali, wao wananiita Madame Sosiali. Mratibu wa shirika letu aligawa kazi siku ya kwanza: Bisimwa achunge miti, mimi nichunge watu, waielewe na waikubali. Wengi wanadhani mazingira ni mambo ya miche na mbolea. Mimi nasema ni mambo ya vichwa. Mche hauna shida. Mwenye shida ni yule anayeupanda, na yule mwenye mbuzi, na yule anayetafuta makaa.

Ukingo wa korongo uko hatua thelathini kutoka nyumba ya Maman Nabintu. Nimehesabu mwenyewe. Mwezi wa tano zilikuwa hamsini. Ana watoto wanne ndani ya nyumba ile. Mume alikufa. Shamba analolima hapo juu si lake, ni la Muzee Zihalirwa. Wote saba wanalima kwake kwa bwasa: wanamlimia muzee siku mbili kwa juma, naye anamwachia kila mmoja kipande cha kupanda chakula.

Wakati wa kupanda Nabintu aliniuliza kama muzee anajua habari ya miti. Nilimwambia mti haumdhuru mtu, muzee atatushukuru. Akainama, akaendelea. Mgongo unaniuma vibaya.

Jumatano, 9 Oktoba

Biro, ofisini kwetu, kutwa nzima. Nimejaza fomu ya mradi. Swali la kumi na moja: mwenye ardhi ameridhia? Nimeandika ndiyo. Muzee Zihalirwa amelazwa hospitalini Katana tangu mwezi wa saba, nitamuuliza wapi? Chifu wa kijiji alikuja kwenye mkutano wetu, akanywa fanta, akapiga makofi. Inatosha.

Mratibu amefurahi. Wafadhili wanakuja tarehe 20 Novemba kuona miti. Amenunua buti mpya. Zile za zamani hazijawahi kuona tope.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana mvua kubwa. Leo nimekwenda kuangalia. Maji yamesimama nyuma ya mistari, yametulia, yanaingia ardhini. Korongoni yalifika kidogo tu. Hatua bado ni thelathini. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia Bisimwa, naye hapendi kukumbatiwa.

Maharage ya wanawake yameota vizuri kati ya mistari. Nimerudi nyumbani naimba. Mama akaniuliza kama nimepata mchumba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nabintu amenipigia kwa simu ya jirani. Muzee Zihalirwa amerudi kutoka Katana. Jana alikwea mpaka shambani na fimbo yake, akafuata mstari mmoja mmoja, akagusa kila mche. Hakusalimia. Nabintu anaogopa. Nilimwambia mtu aliyetoka kitandani ananyoosha miguu, asiogope.

Nilicheka hata.

Jumatatu, 28 Oktoba

Muzee amewafukuza. Wote saba. Alimtuma mjukuu wake nyumba kwa nyumba jana baada ya misa: mwisho wa juma lijalo kila mtu awe ametoka na jembe lake. Maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Sikuelewa. Nilidhani ni ugonjwa umempanda kichwani. Nikamfuata Bisimwa kwenye kitalu cha miche. Akaniambia jambo ambalo kila Mushi, mwenyeji wa vilima hivi, analijua tangu utoto. Mtu wa bwasa anapanda chakula cha msimu na kuondoka. Maharage, mahindi, viazi. Haruhusiwi kupanda mgomba. Haruhusiwi kupanda kahawa. Mti kabisa hapana. Mti ni alama ya mwenyewe. Siku ya ugomvi wa shamba wazee wanauliza swali moja tu: nani alipanda kinachosimama hapa? Kwa hiyo wanawake wangu saba, mistari sita, wametangaza mbele ya kijiji kizima kwamba kilima ni chao. Na mimi ndiye niliyewashikisha miche.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nimekwisha kuuliza. Yeye ni Mushi, hakuweza hata kufikiri kwamba mtu anaweza kupanda mti kwa shamba la mtu bila ruhusa. Na zaidi, watu ni kazi yako, akasema. Bisimwa hapigi kelele. Afadhali angepiga.

Nilijitetea kwa Mama jioni. Nikasema mimi ni Murega, kwetu Mwenga msitu unaota bila kumwuliza mtu, ningejuaje. Akaacha kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. Akasema hata Mwenga hakuna anayepanda mti kwa mtu bila kumwita mwenyewe. Kisha akaendelea na sombe yake.

Jumanne, 29 Oktoba

Kuuliza si ujinga. Nilifundishwa hivyo darasa la pili. Nimesoma miaka mingine kumi na tano baadaye, nimepata diploma ya kusikiliza watu, na mwanamke aliyeshika jembe akaniuliza swali la haki nikamjibu kwa hotuba.

Nina hasira na kila mtu. Zaidi na mimi.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya kuombea marehemu. Tumekwenda kwa Muzee Zihalirwa, mimi na Bisimwa, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwa sababu Bisimwa alisema kwa mtu kama huyo huendi mikono mitupu. Tumengoja nje kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kuku wake wamenizoea.

Amekonda. Koti linamning'inia mabegani. Aligusa midomo kwenye kasiksi, akampa Bisimwa amalize, daktari amemkataza. Nilitegemea mtu mkali. Hakuwa mkali. Alisema polepole, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Baba yake alitoa ng'ombe kupata kilima kile. Yeye mwenyewe aliwapokea wanawake wale mmoja mmoja, Nabintu mwaka ule alipofiwa, akamchagulia kipande kilicho karibu na nyumba yake. Halafu akaugua. Yuko kitandani Katana, hajui kama atatoka, na huku nyumbani watu wanapanda miti kwenye kilima chake. Akasema alijiuliza walikuwa wanangoja nini.

Walingoja afe. Ndivyo alivyoelewa. Ningekuwa mimi, ningeelewa hivyo hivyo.

Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyewaambia wanawake wapande. Nikamwambia tutaing'oa, nitaing'oa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, yote, hata kesho. Akatazama upande wa kilima.

"Miti haina makosa, Madame. Miti itabaki. Batu njo batatoka."

Tulirudi mpaka Bukavu. Bisimwa alijifanya anasikiliza pikipiki.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia mratibu kila kitu. Pamoja na swali la kumi na moja. Nilitegemea anifokee. Aliuliza jambo moja: miti itabaki? Nikasema ndiyo, muzee anaitaka. Akavuta pumzi, akaegemea kiti. Akasema basi, tumepona.

Nikamkumbusha wanawake saba. Akasema inasikitisha, lakini ugomvi wa ardhi haumo kwenye karatasi za mradi. Mradi ni wa mazingira.

Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza. Kule chini ziwani chupa za plastiki zimejaa mpaka kwenye mdomo wa mto Ruzizi, watu wanazitazama wanapita. Nimekuwa katika kazi hii miaka tisa. Niliwahi kuamini kwamba watu wakieleweshwa, kila kitu kitapona. Leo sijui nilikuwa nawaelewesha nini.

Jumatano, 6 Novemba

Mratibu amekwenda mwenyewe kwa muzee na buti zake mpya. Nikafurahi, nikadhani amekwenda kuwaombea. Amemwomba wanawake wabaki mpaka wafadhili waondoke. Picha bila watu haipendezi. Muzee amekubali. Watatoka tarehe 21.

Maharage yatakomaa mwezi wa kumi na mbili. Nimehesabu na Bisimwa mara mbili kama vile tukirudia hesabu itabadilika.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemkuta Nabintu anapalilia. Anapalilia maharage ambayo huenda hatayala. Nikachukua jembe la binti yake, Ashuza, nikaingia mstari wa pili. Tumelima saa nzima. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, maneno mazuri, ya kazini kwetu. Yote yalikuwa na harufu ya mkutano.

Hakunitukana. Hakulia. Alifika mwisho wa mstari, akajifuta uso kwa kitenge, akasema:

"Maman, miye nilikuulizaka."

Basi. Akageuka kuanza mstari mwingine.

Jumamosi, 9 Novemba

Siwezi kula.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda kwa chifu wa kijiji. Yule wa fanta. Anasema ni jambo kati ya muzee na watu wake wa bwasa, yeye hawezi kuingia. Alisema akiangalia ukuta.

Nimezunguka kutafuta mashamba mengine ya bwasa. Nimepanda na kushuka mpaka viatu vimefunguka mdomo. Hakuna. Wenye vilima wanapanda mikaratusi, mikaratusi haihitaji mtu wa kupalilia, haimpi mwenyewe kesi. Mmoja aliniambia wazi kwamba habari zimefika kwake, kwamba hawa ni wale waliopanda miti kwa muzee mgonjwa. Hatawapokea hata bure. Sikuwafukuzisha kwa Zihalirwa tu. Nimewachafulia jina kilima kizima.

Mmoja kati ya saba amekwisha kuondoka, mdogo kuliko wote. Wanasema anabeba mizigo Bukavu, kamba kwenye paji la uso, kutoka bandarini mpaka soko la Kadutu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kutisha usiku kucha. Nilikuwa Mumosho saa moja asubuhi. Kule ng'ambo ya korongo kipande cha njia kimekwenda na maji. Hapa, hatua thelathini. Hazikupungua hata moja. Miche imesimama yote, imeshika, ina majani mapya.

Nataka kuandika ukweli kwa kuwa hakuna mtu atakayesoma. Nilipopanda pale juu nilikuwa natamani nikute imezolewa. Yote. Nilitamani miti ishindwe, muzee asiwe na kitu cha kubaki nacho, turudi tulikokuwa. Asistanti sosiali wa mradi wa mazingira anaomba maporomoko juu ya nyumba yenye watoto wanne. Nilikaa chini kwenye tope mpaka Bisimwa akaja kuniinua.

Jumanne, 19 Novemba

Mratibu ametoa maelekezo ya kesho. Muzee atakaa mbele kwenye kiti. Wanawake sita watavaa vitenge vipya, vimeletwa na gari. Nabintu ndiye atakayesema asante, mimi nitatafsiri kwa Kifaransa. Nimeambiwa tafsiri iwe fupi.

Nimemwuliza kama wafadhili nao wataambiwa kwamba kesho kutwa wanawake wanatoka. Amesema mimi ni mfanyakazi mzuri lakini napenda kubeba matatizo ambayo si yangu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mama ameniambia nitulie, kazi hazipatikani, na ana haki. Tunakula kwa kazi hii. Nimepiga pasi blauzi nyeupe.

Jumatano, 20 Novemba

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, kabla sijaanza kujipamba.

Walikuja watatu. Mama mmoja wa Ulaya, kijana mmoja wa Ulaya, na bwana mmoja kutoka Kinshasa ambaye viatu vyake vilimsikitisha tangu mwanzo. Walifuata mistari yote sita. Walipiga picha miche, matete, korongo, mikono ya wanawake. Bisimwa alieleza kipimo chake, nao walikipenda. Mama wa Ulaya aligusa udongo, akasema ni kazi nzuri sana. Na ni kweli. Hilo ndilo linalonitesa, ni kazi nzuri.

Muzee alikaa kwenye kiti chake juu, koti na kofia, fimbo kati ya magoti. Watu wa kijiji walikuwa wengi. Chifu naye.

Nabintu akaitwa. Akasimama na kitenge kipya kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Akasema miti ni mizuri, inashika udongo, maji hayateremki tena kwa nguvu. Akasema asante. Hakuongeza. Hakudanganya hata neno moja, na hakuomba kitu. Kisha akanitazama nitafsiri.

Nilitafsiri yote aliyosema. Halafu mdomo haukufunga. Nikasema kwa Kifaransa kwamba kesho wanawake hawa wanatolewa katika shamba hili, pamoja na maharage yao, kwa sababu ya miti hii hii. Kwamba kwa desturi ya hapa anayepanda mti anadai ardhi, na walipanda kwa sababu mimi niliwaambia. Kwamba mwenye ardhi alikuwa mgonjwa, hakuulizwa, na kwenye fomu niliandika ameridhia. Mwandiko ni wangu. Kijana wa Ulaya alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Mratibu alikuwa anatabasamu bado, uso ulikuwa umechelewa kupata habari.

Nikaona kwamba nimeongea na watu wasiohusika. Kifaransa chote kile hakikuwa cha mtu aliyekosewa. Nikapanda mpaka kwenye kiti cha muzee, nikapiga goti kwenye tope mbele ya kijiji, na blauzi yangu nyeupe. Sikuomba shamba. Nilisema kwa Kiswahili, kila mtu asikie, kwamba nilipanda miti kwake wakati alikuwa mgonjwa, kwamba mmoja wa wanawake hawa aliniuliza nikakataa kusikia, kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anangoja afe. Kwamba ninaomba msamaha.

Muzee aligeuza fimbo mikononi. Wazee walikuwa wanamtazama. Mtu akiombwa msamaha kwa goti hadharani, lazima aseme kitu, na lazima kitu hicho kiwe na uzito. Nilijua hilo. Bisimwa alikuwa amenieleza. Kwa hiyo hata goti langu halikuwa safi kabisa, na naliandika hilo pia.

"Simama, Madame," akasema. Kisha akawageukia wao. "Maharage bavune. Kisha batoke."

Wanawake wakapiga makofi polepole, yale ya heshima. Msimu mmoja. Ndicho nilichopata. Wageni walidhani ugomvi umekwisha, nao wakapiga makofi.

Ijumaa, 22 Novemba

Barua. Mkataba wangu unaishia tarehe 31 Desemba na hautaendelea. Mratibu alinipa mkononi, hakunitazama. Nilimshukuru, sijui kwa nini.

Wafadhili wamejibu kwa maandishi. Wanapongeza matokeo. Miche yote imeshika, jambo ambalo ni nadra. Kuhusu wanawake, wamesikitika sana, na katika awamu ijayo fomu itaongezwa ukurasa mmoja juu ya ardhi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekata tamaa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimezunguka Mumosho, nimezunguka mpaka upande wa Nyangezi, nimewauliza mapadri, nimewauliza mashangazi wa Bisimwa. Kipande cha watu sita hakipo. Cha mtu mmoja hakipo. Bisimwa amemwomba baba yake mkubwa, naye amesema atafikiri, na Bisimwa amenieleza kwamba kwa baba yake mkubwa kufikiri ni hapana.

Nimewaza pia juu ya ule msemo wetu wa mikutanoni, kwamba mazingira na watu ni kitu kimoja. Nimeusema mara ngapi. Muzee amevitenganisha kwa sentensi moja, na shirika zima likamwelewa haraka kuliko lilivyowahi kunielewa mimi.

Jumapili, 15 Desemba

Misa. Sikusikiliza.

Ijumaa, 20 Desemba

Wamevuna leo. Nimekwenda, ingawa hakuna aliyenituma.

Tulikuwa wanawake sita, mimi, na watoto wote ambao hawako shuleni. Maharage yamezaa vizuri, mizigo mizuri. Udongo umebaki mahali pake mwaka huu, ndiyo sababu. Hakuna aliyeimba lakini pia hakuna aliyenuna. Muzee hakuja. Alituma mjukuu wake aseme tuchukue wakati wetu.

Maharage mengine yalikuwa yamejisokota kwenye miche. Watoto walianza kuvuta. Nabintu akawaambia waache. Akapita yeye mwenyewe, mche kwa mche, mistari yote sita, akazungusha kila shina la maharage taratibu mpaka likafunguka, ndipo akang'oa. Pale ambapo shina la maharage lililegeza ardhi, alishindilia kwa kisigino kuzunguka mche. Ilichukua saa mbili. Mistari ile si yake tena kuanzia kesho. Nilitaka kumwambia asihangaike. Kisha nikaangalia chini. Paa la nyumba yake liko pale pale chini ya miguu yetu, na Ashuza alikuwa anaanika nguo za wadogo zake kando ya korongo.

Nikashindilia na mimi.

Nilimwomba msamaha wakati wa kufunga mizigo. Sikuwa nimemwomba yeye bado. Nilimpigia goti muzee mbele ya watu wote, lakini yeye niliyemkosea kwanza sikumwambia kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia. Mwezi wa kwanza atakwenda kubeba mizigo Bukavu na yule mdogo, watoto watabaki na Ashuza. Alisema kama mtu anayetaja saa ya misa.

Nilipopanda pikipiki akanipa maharage, yamefungwa kwenye kipande cha kitenge kile kipya. Nikakataa. Akaendelea kunyoosha mkono. Nikapokea.

Nimeyapika jioni hii. Maharage mapya hayana tabu, saa moja yameiva. Mama akauliza yametoka wapi. Nikamwambia ni ya Nabintu. Akaleta sahani mbili, tukala.